Aspirini ya kila siku kwa mtu asiyeumwa: hesabu ya faida na damu

Katika maduka ya dawa ya Mwanza, kuanzia Igoma hadi Nyegezi, wateja wa aina mbili hununua kidonge kilekile. Wa kwanza ana cheti cha daktari: aliwahi kupata mshtuko wa moyo, au alipigwa na kiharusi na mkono wake wa kushoto haujarudi sawasawa. Wa pili haumwi. Ana miaka hamsini na kitu, amemzika rafiki aliyeanguka ghafla, na jirani amemwambia kuna aspirini ndogo ya miligramu 75 inayozuia mambo hayo, tena bei yake haimshindi mtu. Wote wawili wanaondoka na pakiti za aina moja. Kwa wa kwanza kidonge hicho ni kinga yenye ushahidi mzito. Kwa wa pili, utafiti wa miaka ya karibuni unaelekea kumwambia asianze. Ninavyoona mimi, mtu anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria ana sababu za ziada za kutoanza, sababu ambazo huwezi kuzikuta kwenye miongozo iliyoandikwa Marekani au Uingereza.

Tuanze na kazi yenyewe ya kidonge, maana faida na hatari zake zinatoka mahali pamoja.

Ndani ya damu zinaelea chembe ndogo sana ziitwazo chembe sahani. Mshipa ukichanika, chembe hizi hukimbilia pale, hunata ukutani, hutoa kemikali ya kuziita nyingine, na kwa pamoja huziba tundu kabla damu haijamwagika sana. Bila hizo, kukatwa kidogo na kisu wakati wa kupaa sato kungekuwa balaa. Tatizo linakuja pale mishipa ya moyo inapojaa mafuta kwenye kuta zake kwa miaka mingi. Siku moja utando unaofunika mafuta hayo unapasuka kwa ndani. Chembe sahani hazijui kwamba hapo hakuna damu inayomwagika nje. Zinakimbilia na kuziba kama kawaida, na safari hii zinaziba njia ya damu ya moyo wenyewe. Huo ndio mshtuko wa moyo. Likitokea kwenye mshipa wa ubongo, ni kiharusi cha kuziba.

Aspirini huingia kwenye chembe sahani na kuharibu kimeng'enya kinachotengeneza ile kemikali ya kuitana. Huharibu moja kwa moja. Chembe sahani haina kiini, kwa hiyo haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Itabaki imelemaa mpaka ife, na maisha yake ni kama siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kidonge kidogo mara moja kwa siku kinatosha, ilhali dozi ya maumivu ya kichwa ni kubwa mara kadhaa. Kila siku mwili unatoa chembe mpya, na kila siku kidonge kinazikuta.

Sasa, kimeng'enya hicho hakipo kwenye damu peke yake. Tumboni kinatengeneza prostaglandini, kemikali zinazoufanya ukuta wa tumbo utoe ute wa kujikinga na asidi yake wenyewe. Mwingereza John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini, na mwaka 1982 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Maana yake kwa mtumiaji ni nzito: aspirini inapunguza ngao ya tumbo, na wakati huohuo inapunguza uwezo wa damu kujiziba tumbo likichubuka. Kile kidonge chenye ganda gumu lisiloyeyuka tumboni, ambacho wengi hukinunua kwa kuamini ni salama, hakiondoi hatari hiyo, kwa sababu dawa hulifikia tumbo kwa kupitia damu vilevile.

Na hapa niseme jambo moja kuhusu imani iliyoenea kwetu, kwamba aspirini inamezwa ili kupunguza "damu nzito". Aspirini haifanyi damu iwe nyepesi kama maji. Haishushi presha, haishushi sukari, haiondoi mafuta kwenye mishipa. Inachofanya ni kuzizuia chembe sahani kushikana. Mtu mwenye presha ya 180 kwa 110 anayemeza aspirini peke yake bado ana presha ya 180 kwa 110.

Sasa swali la ushahidi. Aspirini ilianza kuuzwa na kampuni ya Bayer mwaka 1899, miaka miwili baada ya mkemia wake Felix Hoffmann kuitengeneza ikiwa safi. Kwa miongo mingi ilikuwa dawa ya homa na maumivu. Sifa yake ya moyo ilipata nguvu mwaka 1988, utafiti ulioitwa ISIS-2 ulipotoa majibu yake. Wagonjwa 17,187 walioingia hospitali wakishukiwa kuwa na mshtuko wa moyo waligawanywa kwa kura, na waliopewa aspirini kwa mwezi mmoja walipungukiwa na vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23. Hayo ni matokeo makubwa, na hayajatenguliwa mpaka leo.

Mwaka uliofuata yakatoka majibu ya madaktari wanaume 22,071 wa Marekani, watu wazima waliokuwa hawajawahi kuugua moyo. Waliomeza aspirini siku moja na kuruka moja walipata mshtuko wa kwanza wa moyo pungufu kwa asilimia 44. Takwimu hiyo ilizunguka dunia. Lakini iangalie kwa karibu. Kati ya madaktari 100,000 kwa mwaka mmoja, wasiotumia aspirini walipata mishtuko karibu 440, waliotumia karibu 255. Igeuze iwe watu 1,000: ni kutoka watu wanne na kitu hadi wawili na kitu kwa mwaka. Asilimia 44 ni kweli, na watu wawili katika elfu ni kweli pia. Anayekuuzia jambo atakutajia asilimia. Wewe uliza siku zote: katika watu elfu kama mimi, wangapi?

Mwaka 2009 watafiti walikusanya majaribio yote makubwa na kuweka makundi mawili bega kwa bega. Kwa watu waliokwisha kuugua moyo au kiharusi, wasiotumia aspirini walipatwa na tukio baya la mishipa kwa asilimia 8.2 kwa mwaka, na waliotumia asilimia 6.7. Hapo watu 15 katika kila 1,000 wanaepushwa kila mwaka. Kwa watu ambao hawajawahi kuugua, hesabu ilikuwa asilimia 0.57 dhidi ya 0.51. Yaani hata mtu mmoja katika 1,000 kwa mwaka hafiki. Upande wa pili, kutokwa damu nyingi tumboni na kwingineko nje ya ubongo kulipanda kutoka asilimia 0.07 hadi 0.10. Kidonge ni kilekile na kinafanya kazi ileile; kilichobadilika ni ukubwa wa hatari ambayo kila kundi lilianza nayo. Aliyekwisha kuugua ana kikubwa cha kuokoa. Mzima anaokoa kidogo mno, huku gharama ya damu akilipa kama mwenzake.

Kisha ukaja mwaka 2018, na majaribio matatu yakatoka karibu kwa pamoja. Nitakaa kwenye mawili.

La kwanza, ASCEND, lilifanyika Uingereza kwa watu 15,480 wenye kisukari ambao moyo wao ulikuwa haujaonyesha ugonjwa. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 7.4. Katika kila 1,000 waliotumia aspirini, watu kama 11 waliepushwa na tukio baya la moyo au mishipa. Katika kila 1,000 haohao, watu kama 9 zaidi walitokwa damu kwa kiwango cha hatari. Kumi na mmoja kwa tisa, na hao ni watu wenye sukari, ambao hatari yao ya moyo ni kubwa kuliko ya wengine.

La pili, ASPREE, lilihusu wazee 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka 70 na kuendelea, wazima wa afya. Baada ya karibu miaka mitano, aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, wala haikupunguza magonjwa ya moyo kwa kiasi cha kutegemewa. Kutokwa damu nyingi kulifika asilimia 3.8, dhidi ya 2.8 kwa wasiotumia. Vifo kwa jumla navyo vilikuwa vingi kidogo upande wa aspirini, 5.9 kwa 5.2, jambo ambalo watafiti wenyewe walilipokea kwa tahadhari kwa kuwa majaribio ya awali hayakuwa yameonyesha hivyo. (Wapo wanaomeza aspirini wakitumaini itazuia saratani ya utumbo mpana. Kwenye ASPREE vifo vilivyozidi vilitokana zaidi na saratani. Kwa mzee mzima wa afya, sababu hiyo haisimami.)

Kwa nini majibu ya 1989 na ya 2018 hayafanani? Sehemu kubwa ya maelezo ni kwamba watu waliochunguzwa siku za karibuni wanavuta sigara kidogo, presha zao zinatibiwa, na wengi wanatumia dawa za kushusha mafuta ya damu. Mshtuko ambao aspirini ingeuzuia umekwisha kuzuiwa na kitu kingine. Miongozo ikafuata. Mwaka 2019 vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani vilishauri aspirini isitolewe kama jambo la kawaida kwa wenye zaidi ya miaka 70 wasio na ugonjwa wa moyo. Mwaka 2022 jopo la kitaifa la kinga la nchi hiyo likashauri asianze mtu yeyote wa miaka 60 na kuendelea. Kwa wa miaka 40 hadi 59, uamuzi ni wa mtu na daktari wake, tena iwapo tu hatari yake ya kuugua moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi inafika asilimia 10.

Kuna hoja inayotokana na hayo, na ninaiheshimu. Mtu atasema: huku kwetu dawa za mafuta ya damu wanatumia wachache, presha nyingi hazijatibiwa, kwa hiyo sisi tunafanana zaidi na watu wa majaribio ya zamani, na aspirini ingetufaa zaidi kuliko inavyomfaa mzee wa Melbourne kule Australia. Kwa upande wa faida, huenda ni kweli. Lakini hoja hiyo imeangalia upande mmoja wa mizani. Upande wa damu nao hapa ni mzito zaidi.

Ukianza na presha, kiharusi kina sura mbili: mshipa kuziba, na mshipa kupasuka. Presha iliyoachwa juu ndiyo sababu kubwa ya kupasuka, na Afrika sehemu ya viharusi vya kupasuka ni kubwa kuliko Ulaya au Marekani. Mshipa ukipasuka ndani ya ubongo, unataka chembe sahani zifanye kazi yake haraka. Utafiti ulioitwa HOT, uliochapishwa mwaka 1998, uliwapa aspirini watu wenye presha ambayo ilikuwa inatibiwa vizuri. Mishtuko ya moyo ilipungua, viharusi havikupungua, na kutokwa damu nyingi kuliongezeka karibu mara mbili. Hao walikuwa na presha iliyoshushwa. Kumpa aspirini mtu ambaye presha yake haijapimwa hata mara moja ni kumwongezea hatari usiyoijua ukubwa wake.

Halafu kuna bakteria wa vidonda vya tumbo, helikobakta, ambao zaidi ya nusu ya watu wazima barani Afrika wanao. Bakteria hao pamoja na aspirini huumiza tumbo kuliko kila kimoja peke yake. Ongeza diklofenaki au ibuprofeni anazomeza mvuvi kwa ajili ya mgongo baada ya kuvuta nyavu usiku kucha, na gongo kwa anayekunywa, na hatari inapanda juu ya hatari.

Lakini jambo linalonifanya niandike makala haya kwa ajili ya watu wa ziwa ni kichocho.

Kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa hapa. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua, anayeteka maji, anayevua dagaa, anayelima mpunga kwenye maji ya ufukweni. Ukerewe, Ukara, Kome, Sengerema, Magu, mialo ya Ilemela, watu wamekua nacho. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na kutaga mayai. Mengi ya mayai hayo husukumwa na damu mpaka kwenye ini, yanakwama, na mwili unayazungushia makovu. Baada ya miaka mingi makovu yanabana mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini. Damu ikikosa njia, inarudi nyuma: bandama linavimba, na mishipa myembamba ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) na sehemu ya juu ya tumbo inatanuka na kujaa kupita kiasi. Mishipa hiyo haikuumbwa kubeba mzigo huo. Ikipasuka, mtu anatapika damu tele.

Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, wanaijua sura hiyo vizuri, kwa kuwa Kanda ya Ziwa mishipa ya umio iliyotanuka kwa kichocho ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowafikisha watu hospitalini wakitapika damu. Na wengi wa wagonjwa hao hawakuwa wanajua. Ini lenye makovu ya kichocho linaweza kuendelea na kazi zake kwa miaka, mtu akila, akilima, akivua, bila dalili zaidi ya uzito wa tumbo upande wa kushoto. Bandama kubwa nalo hunasa chembe sahani, kwa hiyo mtu huyo anaweza kuwa nazo pungufu hata kabla ya kumeza chochote. Sasa fikiria huyo ndiye yule mteja wa pili, mwenye miaka hamsini na kitu, anayejiita mzima, na anaanza aspirini kila siku kwa ushauri wa jirani. Kati ya wazee wa Melbourne na madaktari wa Marekani waliohesabiwa kwenye majaribio yale, hakuna kundi lenye maini ya namna hii. Wao walipotokwa damu, hospitali ilikuwa karibu na damu ya kuongezewa ipo. Anayetapika damu usiku akiwa Ukara anasubiri mtumbwi au kivuko.

Dawa ya kichocho inayogawiwa mashuleni na vijijini, prazikwanteli, inaua minyoo, na ni jambo jema sana kuimeza kila inapogawiwa. Lakini makovu ya miaka ishirini hayaondoki kwa kumeza mara moja. Mtu aliyekulia mwaloni, aliyewahi kuambiwa ana bandama, au aliyewahi kutapika damu, asiguse aspirini kabla daktari hajaliangalia ini lake kwa altrasaundi, na pengine umio kwa kipimo cha kamera.

Muuzaji mwangalifu wa duka la dawa anaweza kuokoa maisha kwa maneno machache.

"Shikamoo mama. Hii aspirini umeandikiwa na daktari?"

"Marahaba mwanangu. Hapana, naogopa tu presha. Mdogo wangu amepooza."

"Pole sana mama. Hiki hakishushi presha. Presha yako umeipima lini?"

Swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko pakiti. Majumuisho ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kushusha namba ya juu ya presha kwa milimita 10 kunapunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 20 na kiharusi kwa asilimia 27, na dawa za presha hazimtoi mtu damu. Zahanati au kituo cha afya wanapima. Mwenye hofu ya kuanguka kama rafiki yake aanzie hapo, kisha sukari, kisha sigara kama anavuta. Hela ya aspirini ya mwezi ingefaa zaidi kuwa nauli ya kwenda kupimwa.

Sitaki mtu asome haya akaacha dawa yake. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, kiharusi cha kuziba, aliyewekewa chuma cha kutanua mshipa wa moyo au aliyefanyiwa upasuaji wa mishipa hiyo, anaimeza kwa sababu nzuri, na kuikatiza ghafla kunaweza kumwua. Mama mjamzito aliyepewa aspirini ndogo kliniki kwa sababu yuko kwenye hatari ya kifafa cha mimba naye aendelee kama alivyoelekezwa. Anayeimeza kwa miaka bila kuandikiwa na mtu, apeleke swali lake kwa daktari pamoja na orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za maumivu. Baadhi ya dawa za maumivu za pakiti zina aspirini ndani yake, kwa hiyo soma maandishi. Mtoto mwenye homa asipewe aspirini kabisa. Kuna ugonjwa wa nadra wa ini na ubongo unaoweza kumpata.

Kwenye dharura, magonjwa mawili yanayochanganywa yanataka mambo tofauti. Mtu mzima akishikwa na maumivu mazito ya kifua yanayokandamiza, yakienda begani au taya, akitoka jasho baridi, atafune aspirini ya miligramu 300 njiani kuelekea hospitali, iwapo hana mzio nayo na hajawahi kutokwa damu tumboni. Lakini mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakikwama, asipewe aspirini nyumbani. Kwa macho huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, na daktari naye anahitaji kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kutofautisha. Mpeleke, na kumbuka saa dalili zilipoanza, maana wataiuliza.

Na kwa yeyote anayetumia aspirini, kwa cheti au bila cheti: choo kikiwa cheusi, cha kunata kama lami na chenye harufu kali, au ukitapika kitu cha rangi ya kahawa iliyokorogwa, hiyo ni damu. Usimeze kidonge kinachofuata. Nenda hospitali siku hiyohiyo, ubebe pakiti ya dawa mkononi, na waambie kama umekulia kando ya ziwa.